Gari la kukodi na mkwaruzo uliofunikwa na vumbi

Jumapili hii naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilipata likizo, nikaamua kuitembelea pwani ya Kenya. Kutoka kwetu Kerenge, wilayani Korogwe, Mombasa si mbali kama tunavyodhani. Unafika Tanga, unapanda basi, unagongewa muhuri kwenye pasipoti pale Horohoro, na kabla ya jioni uko kwenye kivuko cha Likoni. Nilitamani kufika hadi Malindi, mji ambao Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mwaka 1542 akielekea India, na ambao mpaka leo una kanisa dogo la Wareno. Ili nitembee bila haraka, nilikodi gari kwa siku tatu.

Kijana wa ofisini alichukua nakala ya leseni na pasipoti, akapokea kodi pamoja na amana, kisha tukalizunguka gari pamoja. Alikuwa na karatasi yenye mchoro wa gari, na kila mkwaruzo wa zamani aliutia alama kwa kalamu. Tanki lilikuwa limejaa, nami nilitakiwa kulirudisha limejaa. Sote wawili tukasaini. Akanikabidhi ufunguo akitabasamu: “Fatha, gari ni lako mpaka Alhamisi.”

Huko Malindi, nikirudi nyuma kwenye geti la nyumba ya wageni, nilikwangua bampa kwenye nguzo. Mkwaruzo ulikuwa na urefu wa kidole tu. Nikajiambia ni kitu kidogo. Alhamisi sikulipeleka gari kuoshwa. Vumbi lilikuwa limeufunika mkwaruzo, nami nikaliacha hivyo hivyo.

Yule kijana alitoka na karatasi yake. Akaitazama kola yangu, akaikunja karatasi. “Wewe ni mtumishi wa Mungu, sina haja ya kukukagua.” Akaweka saini yake kwamba gari limerudi salama, akanirudishia amana yote. Mpakani ofisa wa forodha aliniuliza kama nina kitu cha kutolea taarifa. Nikajibu, “Sina.”

Wiki kadhaa baadaye, hapa Kerenge, nilipanda bodaboda ya kijana anayeendesha pikipiki ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Nikaona indiketa moja ni mpya. Akaniambia aliivunja ile ya zamani, akaenda mwenyewe kumwambia tajiri, na sasa anakatwa kidogo kidogo. Nikamuuliza kama hakufikiria kunyamaza. “Padri,” akasema, “bora anikate hela kuliko kila nikimwona nibadilishe njia.”

Jioni ile nilipiga simu Mombasa. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: “Fatha, waliuona walipoliosha. Saini ya ukaguzi ilikuwa yangu. Walinikata mshahara.”

Ndugu yangu, nilidhani nimeficha mkwaruzo wa bampa. Kumbe nilikuwa nimemwachia mtu mwingine deni langu, tena yule yule aliyeniamini. Usiku huo nilimtumia fedha kwa simu, naye akashukuru. Fedha ilirudi. Sina hakika kama imani yake kwa kola ya padri nayo imerudi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inatufundisha kwamba maondoleo huondoa dhambi, lakini hayatengenezi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta. Aliyemdhuru jirani yake anapaswa kufanya awezalo kuyatengeneza. Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani kwake. Alisimama akaahidi kurudisha, tena mara nne.

Wewe pengine hujawahi kukodi gari. Lakini huenda ni msimamizi wa mirathi, na shamba la yatima unalilima kama lako. Huenda ni mhazina wa jumuiya ndogo ndogo, na michango “uliiazima” mara moja tu. Huenda umehama nyumba ya kupanga bila kusema kwamba bomba limepasuka. Vyote hivyo ulikabidhiwa, na kuna mwenyewe. Hata miili na miaka yetu ni vya kukabidhiwa.

Basi kabla ya kwenda kwenye kiti cha kitubio, jiulize: ukimya wangu unalipwa na nani? Ukishalijua jina lake, usingoje Kwaresima. Mtafute leo. Alhamisi ya kila mmoja wetu inakuja, na Mwenye mali hatatazama kola.

Nawatakia Jumapili njema.