Sumu ya Buibui (3): Mkojo Unapogeuka Rangi

Wiki iliyopita tulieleza kidonda. Leo tunaingia chini ya ngozi, maana huko ndiko buibui wa Chile, Loxosceles laeta, anakoulia watu.

Ni buibui wa kahawia mwenye macho sita, ilhali wenzake wengi wana manane. Hukaa majumbani: nyuma ya picha za ukutani, kabatini, kwenye mikunjo ya nguo. Hana ugomvi. Huuma akibanwa, na anayembana mara nyingi ni mtu anayevaa shati au anayejigeuza usingizini. Mwaka 1937 Atilio Macchiavello alionyesha kuwa ndiye chanzo cha doa jeusi la kuoza ngozi lililokuwa likiwasumbua Wachile.

Doa hilo huwateka macho wote, ndugu na hata waganga, na hapo ndipo hatari inapojificha. Sumu hii ina kimeng'enya kiitwacho sfingomielinasi D, ambacho hukatakata mafuta ya utando wa seli. Chembe nyekundu ya damu ikishaguswa nacho, hupoteza alama zinazoitambulisha kuwa ni ya mwenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia na kuipasua. Sumu huanzisha tu, anayemalizia ni mwili wenyewe. Himoglobini humwagika kwenye damu, ikafika kwenye figo na kuziharibu.

Dalili hujitokeza zaidi ndani ya siku tatu za kwanza: homa, macho ya manjano, na mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kwetu mkojo wa namna hiyo humfanya mtu afikirie malaria kali, na ana haki. Chile, daktari lazima aulizie pia buibui. Tena ukubwa wa kidonda haupimi chochote: mwenye alama ndogo mkononi anaweza kufikishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na mwenye kidonda kikubwa akabaki salama figo zake. Kwa hiyo nasisitiza, mkojo wa mgonjwa utazamwe kila siku, hata kama ngozi inaonekana kutulia.

Tiba ni maji ya mshipani, kuongezewa damu, na kusafishwa damu figo zikigoma. Dawa ya kuzuia sumu, itokanayo na damu ya farasi, hutolewa mapema. Ikichelewa, faida yake hupungua sana.

Wiki ijayo: mjane mweusi, na tumbo linalokakamaa hadi mgonjwa akadhaniwa ana kidole tumbo.