Kasi Inayomfaa Mrushaji Chipukizi wa Softiboli

Softiboli ni mchezo wa gongo na mpira uliozaliwa Chicago, nchini Marekani, mwaka 1887, ukachezwa kwanza ndani ya ukumbi kama ndugu mdogo wa besiboli, na leo ni miongoni mwa michezo yenye wasichana wengi katika shule za sekondari za nchi hiyo. Kiini chake ni pambano la watu wawili: mrushaji, ambaye huanzia kwenye kibamba kilichofukiwa ardhini katikati ya uwanja, na mpigaji, ambaye humngoja upande wa pili akiwa ameshika gongo kando ya bamba liitwalo la nyumbani. Katika besiboli mpira hurushwa kutoka juu ya bega, lakini kanuni za softiboli humtaka mrushaji auachie mkono ukiwa chini, karibu na nyonga, na hapo ndipo ulipozuka mtindo wa kuuzungusha mkono mzima duara kamili, mithili ya mtu anayezungusha kombeo kabla ya kuliachia jiwe. Duara hilo ndilo linalozaa kasi, na kasi ndiyo inayoulizwa na wazazi, makocha na wasichana wenyewe kuliko jambo jingine lolote: mtoto wa umri fulani arushe kilomita ngapi kwa saa ili ahesabiwe kuwa mrushaji?

Swali hilo halijibiki mpaka umbali ujulikane. Katika ligi nyingi za vijana wa Marekani, wasichana wa chini ya miaka 10 hurusha kutoka futi 35, yaani mita 10.67, kwa mpira wenye mzingo wa inchi 11. Wale wa chini ya miaka 12 hurudishwa nyuma hadi futi 40, ambazo ni mita 12.19, wakapewa mpira mkubwa zaidi wa inchi 12; na kuanzia kundi la chini ya miaka 14 umbali huwa futi 43, sawa na mita 13.11, ambao ndio utumikao katika vyuo vikuu na katika mashindano ya kimataifa ya wanawake. Shule za sekondari zilirushia futi 40 kwa miaka mingi, hadi shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule hizo lilipoamuru futi 43 kuanzia msimu wa 2010/2011, kwa kuwa warushaji walikuwa wamewalemea wapigaji kiasi cha kuacha wachezaji wengine uwanjani wakiwa watazamaji.

Katika umbali huo, viwango ambavyo makocha wazoefu huvitarajia ni vya makadirio, navyo hupishana sana baina ya mtoto na mtoto. Msichana wa miaka 9 au 10 aliyefunzwa vizuri hurusha kilomita 56 hadi 72 kwa saa, ambazo ni maili 35 hadi 45. Wa miaka 12 hufika kilomita 68 hadi 80. Wa miaka 14 hukaribia kilomita 77 hadi 90. Na katika shule za sekondari mrushaji wa kawaida wa timu ya kwanza huwa kati ya kilomita 84 na 97, yaani maili 52 hadi 60. Wanaovuka maili 60 wakiwa bado sekondari ni wachache, na wanaofika 65 ni wachache zaidi, nao ndio ambao vyuo vikuu vikubwa huwaangalia kwa makini. Mzazi akiyasoma makadirio haya kama mtihani wa kufaulu au kufeli atakuwa ameyaelewa visivyo, kwa sababu wasichana wawili wa miaka 12 wanaweza kutofautiana kimo kwa kichwa kizima, mmoja akiwa ameshabalehe na mwingine bado, na tofauti ya maili 5 baina yao ikawa haisemi lolote kuhusu nani atakuwa mrushaji bora wakiwa na miaka 17.

Kipimo chenye maana zaidi ni muda anaobaki nao mpigaji. Mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia mpira, hivyo kutoka mkononi mwake hadi bamba la nyumbani husalia kama mita 11.5 tu katika umbali wa futi 43, na mpira wa kilomita 97 kwa saa huyapita masafa hayo kwa takriban sekunde 0.43. Katika besiboli ya watu wazima, ambako mrushaji huuachia mpira akiwa karibu mita 17 kutoka kwa mpigaji, muda huohuo hupatikana kwa mpira wa kilomita 140 kwa saa. Jambo hili ndilo lililowashangaza mabingwa wa besiboli mwaka 2004, Jennie Finch, mrushaji wa timu ya taifa ya Marekani, alipomshinda Albert Pujols, mmoja wa wapigaji hatari kuliko wote wa enzi yake, katika mchezo wa maonyesho: jicho la Pujols lilizoea mpira unaotoka mbali na juu, nao huu ulitokea karibu na chini.

Hesabu hiyohiyo huwatendea haki watoto wadogo. Msichana wa miaka 10 anayerusha kilomita 64 kwa saa kutoka futi 35 humwachia mpigaji wake kama nusu sekunde hivi, na dada yake wa miaka 14 anayerusha kilomita 80 kutoka futi 43 humwachia mpigaji muda uleule. Kwa hiyo mdogo hana upungufu wowote. Uwanja wake umekatwa kwa kimo chake, na kumharakisha afikie tarakimu za dada yake ni kumdai deni ambalo hajakopa.

Tarakimu za kilele nazo zina nafasi yake, mradi zisigeuzwe fimbo. Monica Abbott aliandikishwa kwa rekodi ya dunia mwaka 2012 kwa mrusho wa maili 77 kwa saa, ambazo ni kilomita 124, na mwaka 2025 Karlyn Pickens wa Chuo Kikuu cha Tennessee aliipita alipofikisha maili 78.2. Hao ni wanawake waliokomaa, wenye miili mirefu na miaka mingi ya mafunzo nyuma yao. Mfano wenye manufaa zaidi kwa kijana ni Cat Osterman, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004 na ambaye hakutegemea kasi ya kupindukia, bali mipira iliyojipinda na kuzama ghafla kwa sababu ya mzunguko alioiwekea kwa vidole. Mpira unaozunguka kwa kuelekea mbele huvutwa chini na hewa. Ukizunguka kinyumenyume hukawia kuanguka kuliko macho ya mpigaji yanavyotarajia, naye huona kana kwamba unapaa.

Silaha nyingine, ambayo ingepaswa kufundishwa mapema kuliko zote, ni mrusho wa polepole unaofichwa ndani ya mwendo uleule wa mkono. Mrushaji akishusha kasi kutoka kilomita 97 hadi 80 bila kujidhihirisha, mpira hufika kama sekunde 0.09 baadaye, na ingawa muda huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, mpira wa kasi ungekuwa umesafiri zaidi ya mita mbili katika muda huo, hivyo gongo hupita patupu kabla mpira haujafika. Mrushaji wa sekondari mwenye maili 54 anayejua kufanya hivyo, na anayeuweka mpira kwenye pembe anayoikusudia, huwasumbua wapigaji kuliko mwenzake wa maili 60 anayerusha mipira yote kwa mwendo mmoja katikati ya bamba, kwa maana jicho la mpigaji huizoea kasi yoyote isiyobadilika.

Kasi yenyewe haitoki begani, kama wengi wanavyodhani. Huanzia kwenye mguu unaosukuma ardhi, ikapanda kwenye nyonga zinazofunguka na kujifunga, ikapita kiwiliwilini, ndipo mkono uliolegea uipokee na kuimalizia kwa kiganja, mfano wa mjeledi ambao ncha yake hukimbia kuliko mpini. Mtoto anayelazimishwa kuongeza maili kabla miguu na nyonga hazijajifunza kazi yake huzitafuta mahali pekee anapoweza kuzipata, yaani katika bega na kiwiko, na hapo ndipo madhara yanapoanza.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kurusha kutoka chini ni mwendo wa asili usioweza kumuumiza mtu, na imani hiyo imewagharimu wasichana wengi. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba nguvu inayolivuta bega la mrushaji wa softiboli hukaribia ile ya besiboli, na kwamba msuli wa mbele wa mkono wa juu hufanya kazi kubwa zaidi katika mrusho wa duara kuliko katika mrusho wa juu. Kwa kijana hatari huongezeka, kwa sababu karibu na ncha za mifupa yake zimo sehemu za gegedu ambako mfupa hurefukia, nazo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Hata hivyo, shirikisho lile la shule za sekondari lilipovitaka vyama vya majimbo viweke ukomo wa idadi ya mirusho kuanzia msimu wa 2017, agizo lilihusu besiboli ya wavulana. Wasichana, ambao mara nyingi timu yao ina mrushaji mmoja wa kutegemewa anayecheza mechi mbili au tatu katika siku moja ya mashindano, hawakuwekewa ukomo wa namna hiyo. Hilo ni pengo lisilo na utetezi. Mrushaji Yukiko Ueno wa Japani alipoipatia nchi yake dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 kwa mirusho 413 katika siku mbili, alikuwa mtu mzima wa miaka 26 aliyechagua mwenyewe, na ushujaa wake hauwezi kuwa ratiba ya mtoto wa miaka 13 mwishoni mwa juma.

Kuhusu rada ya mkononi, ambayo siku hizi mzazi yeyote aweza kuinunua, ni vyema ikumbukwe kwamba mpira hupungua kasi njiani, kwa hiyo kipimo cha mkononi mwa mrushaji huzidi cha kwenye bamba, na kwamba vifaa viwili tofauti vinaweza kutoa majibu mawili kwa mrusho mmoja. Manufaa yake hupatikana pale kifaa kilekile, kikiwekwa mahali palepale, kinapomlinganisha msichana na nafsi yake ya miezi sita iliyopita. Ikiwa ameongezeka maili 2 au 3 huku mipira yake ikiendelea kugonga glavu ya mdakaji, yaani mchezaji anayeupokea mpira nyuma ya bamba, mahali ilipowekwa, mafunzo yanakwenda sawa. Ikiwa tarakimu zimepanda lakini mpira umeanza kutawanyika, au anaushika msuli wa mkono baada ya mazoezi, kifaa hicho kirudishwe mfukoni, arejee kwenye hatua na nyonga, na maumivu yakidumu apelekwe kwa daktari kabla ya mechi inayofuata.