Mpira au Shule? Yeye Alikataa Kuchagua



Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu alinisimamisha pale bombani. "Mwalimu, huyu kijana wangu kila jioni yuko uwanjani. Nimkataze mpira au nimwache?" Sikuwa na jibu la haraka. Lakini nilikumbuka habari za mchezaji mmoja wa Kanada, nikamwahidi kuziandika hapa.

Anaitwa Laurent Duvernay-Tardif. Mpira wake siyo huu wetu, ni ule wa Marekani. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai dogo, nao unashikwa kwa mikono. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Kuna mrushaji, na huyo ndiye anayeshangiliwa. Mbele yake wanasimama watu 5, wakubwa kwelikweli, kazi yao kuwazuia wapinzani wasimfikie. Hawafungi, hawakimbii na mpira. Wakifanya kazi vizuri hakuna anayewaona, ila mrushaji akiangushwa, lawama zote ni zao. Akina mama wanaopika jikoni siku ya harusi wanaijua kazi ya namna hiyo. Laurent alikuwa mmoja wa hao watano: urefu mita 1.96, uzito kilo 145 hivi.

Alizaliwa mwaka 1991 huko Quebec, upande wa Kanada unaoongea Kifaransa. Wazazi wake walikuwa na duka la kuoka mikate. Mwaka 2010 aliingia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, kusomea udaktari. Masomo pale ni kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Ndugu mliosoma kwa Kifaransa mkakuta watoto wenu wanafundishwa lugha nyingine, mnajua shida hiyo. Alisoma hivyo hivyo, akacheza hivyo hivyo, na zamu za hospitali zilimnyima mazoezi mengi. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mstari huo wa mbele katika vyuo vyote vya Kanada.

Mwaka 2014 timu za Marekani zilipochagua vijana 256, yeye alikuwa wa 200. Kansas City Chiefs ndio waliomchukua. Mwaka wa kwanza hakucheza hata mechi moja! Lakini alibahatika kupata kocha mwelewa, Andy Reid, ambaye mama yake mzazi alisomea udaktari McGill hapo hapo. Kocha hakumwambia aache shule. Basi kila msimu ulipokwisha, Laurent alirudi Montreal kwenye vitabu na wagonjwa. Mwaka 2017 alisaini mkataba mnono, zaidi ya dola milioni 40 kwa miaka mitano. Jamani, mimi hapo ningefunga daftari! Yeye aliendelea, na Mei 2018 akahitimu. Miaka minane kwa shahada moja. Aliomba hata jezi yake iandikwe kwamba ni daktari, wakubwa wa ligi wakakataa.

Tarehe 2 Februari 2020, Chiefs walishinda fainali yao, Super Bowl, 31 kwa 20, baada ya kuingoja miaka 50. Wiki chache baadaye korona ikafunga kila kitu.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Laurent alikuwa na cheti, ila hakuwa amefanya mafunzo ya vitendo yanayomruhusu kutibu peke yake. Quebec wazee walikuwa wanakufa kwa wingi kwenye nyumba za kuwatunzia, na wafanyakazi hawakutosha. Akaenda kufanya kazi katika nyumba mojawapo kama msaidizi tu: kugawa dawa, kulisha, kugeuza wagonjwa kitandani. Bingwa wa Super Bowl, jamani! Julai 2020 timu zilipoanza kujiandaa, alisema mwaka huo hachezi. Kama ni kujihatarisha, alitaka iwe kwa kuwahudumia wagonjwa. Aliacha mshahara wa dola milioni 2.75, ligi ikampa laki moja na nusu.

Haikuwa bure. Februari 2021 wenzake waliingia fainali tena bila yeye, mstari ukiwa na majeruhi, mrushaji wao akakimbizwa jioni nzima, wakafungwa 31 kwa 9. Laurent aliporudi mwaka 2021 alivunjika mkono mazoezini, na nafasi yake akaichukua kijana mpya. Akahamishiwa New York Jets. Msimu wa 2022 ulipoanza alikuwa hospitali Montreal kwenye mafunzo, akarudi Jets kidogo mwisho wa mwaka, na Septemba 2023 akatangaza kwamba mpira umekwisha, sasa ni udaktari.

Kuna jambo moja nimeliweka mwisho makusudi. Desemba 2020, tuzo ya mwanamichezo bora wa Kanada waligawana watu wawili. Mmoja ni Laurent. Wa pili ni Alphonso Davies, beki wa Bayern Munich, ambaye wazazi wake walikimbia vita vya Liberia, naye akazaliwa mwaka 2000 katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam, Ghana.

Mama yule nilimsimulia haya yote tukiwa kwenye foleni ya maji. Alicheka sana. Akasema kijana ataendelea kucheza, ila viatu atakabidhiwa kila jioni baada ya kumwonyesha daftari la hesabu.