Tulikwenda Tanga Kumtafuta Babu

Mama yangu mkubwa anaishi Butiama. Mwaka jana mwezi wa Agosti aliniita nyumbani kwake kwa haraka. Nilidhani ile presha yake imepanda tena, hivyo nikachukua kipimo changu, nikapanda gari kutoka Musoma nikiwa na wasiwasi moyoni. Nilimkuta ameketi barazani anachambua mboga, mzima kabisa. Baada ya kumwamkia na kunywa uji, alinieleza haja yake.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nimesikia redioni kwamba huko Tanga kuna mahali walipozikwa watu wa vita ya Mjerumani, na majina yao yameandikwa. Nataka unipeleke nikalione jina la babu kabla sijafa."

Habari za babu huyo tumezisikia tangu tukiwa wadogo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika kwetu, vijana walichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Yeye alikuwa ameoa karibuni na mkewe alikuwa mjamzito. Waliondoka wengi, na wa kijiji chetu akarudi mmoja tu, naye alikuwa amekonda hata watoto walimkimbia. Alipoulizwa wenzake wako wapi, alijibu kuwa wamefia pwani. Pwani ipi, hakuweza kueleza. Bibi hakukubali. Hakunyoa nywele, maana kwetu kunyoa ni kukiri kwamba msiba umeingia. Alijifungua mtoto wa kiume, ambaye ndiye aliyekuja kuwa baba wa Mama Mkubwa na wa mama yangu, na akaendelea kungoja. Alikufa akingoja.

Sasa hapo nilipata shida. Nilikuwa nimesoma kidogo habari za vita ya Tanga, na nilijua ilipiganwa Novemba 1914, wakati ambapo sisi wa Mara tulikuwa bado chini ya Wajerumani. Babu alichukuliwa na Waingereza, na wao waliiteka nchi ya kwetu mwaka 1916. Hakuweza kufa katika vita iliyokwisha miaka miwili kabla. Sisi wauguzi tunafundishwa kumwambia mgonjwa ukweli, lakini tunafundishwa pia kuangalia saa ya kuusema. Nilijikaza nikamwambia palepale.

Mama Mkubwa aliendelea na mboga zake. Kisha akaniuliza, "Wewe unajua alipozikwa?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

"Basi tuanzie Tanga."

SAFARI NDEFU

Tulisafiri Novemba tukiwa akina mama watano. Nilipolitaja jambo hili katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, wawili wa Musoma walisema nao wana babu zao waliopotea hivyohivyo. Mwalimu mmoja mstaafu wa Bunda, ambaye alifundisha somo la historia kwa miaka mingi, naye akasema hawezi kubaki. Tulichangiana nauli, tukakaanga karanga, tukamchukua mwalimu wetu Bunda, tukapita Lamadi na kwenda hadi Shinyanga, Singida na Arusha, ambako tulilala. Miguu ya Mama Mkubwa ilivimba. (Mama ukisafiri na mzee, usikubali akae saa nane bila kunyanyuka. Kila basi liliposimama nilimshusha atembee, hata kondakta akanuna.)

Kutoka Moshi, mwalimu wetu alituonyesha reli inayofuatana na barabara kupita Same na Mombo hadi Korogwe. Alisema reli hiyo ndiyo iliyoamua vita ya Tanga. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na sehemu kubwa ya askari wake huku Moshi. Aliposikia meli za Waingereza zimefika Tanga, aliwapakia kwenye garimoshi na kuwateremsha usiku na mchana. Waingereza walidhani mji hauna ulinzi, na kwa muda mfupi kweli haukuwa na ulinzi wa maana.

SIKU ILE YA NYUKI

Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya kivita iitwayo Fox iliingia mbele ya bandari ya Tanga, na nahodha wake akadai mji usalimishwe. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani hakukubali. Usiku ule na siku iliyofuata askari walianza kushushwa upande wa Ras Kasone. Jumla yao walikuwa kama 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walikuwa wamesafiri baharini kutoka Bombay tangu katikati ya Oktoba, wamebanana melini, wengi wakitapika njia nzima. Mtu aliyetapika majuma mawili hana nguvu ya kupanda ngazi, seuze kukimbia na bunduki kwenye jua la mchana. Upande wa Wajerumani kulikuwa na watu wapatao 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, ndani ya mashamba na vichaka, mahali ambapo mtu hakuweza kumwona jirani yake. Baadhi ya vikosi vilivunjika na kukimbilia pwani. Vingine vilipigana hadi ndani ya mji, nyumba kwa nyumba. Ndipo nyuki wakaingia. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, na risasi ziliwachokoza nyuki, wakatoka kwa hasira. Baadaye watu huko Uingereza walisema Wajerumani waliwatega makusudi. Si kweli. Nyuki hawakubagua. Hata wapigaji wa bunduki za rashasha upande wa Wajerumani walilazimika kuziacha na kukimbia.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha ufukweni bunduki, risasi kwa mamia ya maelfu, nguo na simu. Waliouawa na kujeruhiwa upande wao walizidi 800, na zaidi ya 350 kati yao walikufa. Upande wa pili walikufa Wajerumani wapatao 15 na askari Waafrika wapatao 50.

HOSPITALI JUU YA BAHARI

Jambo lililonigusa mimi kama muuguzi ni hospitali. Ukienda Bombo, ambayo leo ni hospitali ya mkoa, utaliona jengo la zamani la Wajerumani limesimama ukingoni, likitazama bahari. Wakati wa vita ile hospitali ya Wajerumani ilipokea majeruhi wa pande zote mbili. Baada ya mapigano, ofisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen alikuja na bendera nyeupe kuzungumza habari za majeruhi wao. Maofisa Waingereza waliojeruhiwa waliruhusiwa kuchukuliwa kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita ile.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu. Nilifikiria wodi ile usiku wa tarehe 4 Novemba, kabla ya penisilini, na walioumwa na nyuki wamelala pamoja na waliopigwa risasi, na wahudumu wachache. Nani alichemsha maji? Nani alibadilisha mashuka? Vitabu vimetutajia majenerali na meli. Waliobeba ndoo hawakutajwa, na sina shaka baadhi yao walikuwa mama zetu wa Tanga.

MAJINA

Kesho yake tulikwenda kwenye makaburi ya ukumbusho, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni mahali pa utulivu. Majina yamechongwa kwenye jiwe. Mama Mkubwa alivua viatu getini, ingawa hakuna aliyemwambia avue.

"Nisomee," alisema.

Nikamwambia, "Mama, haya ni majina ya Wazungu na Wahindi."

"Nimekuja mbali. Nisomee."

Nilianza kusoma. Majina mengine yalinishinda kutamka, mwalimu akanisaidia, na akina mama wengine wakapokezana nasi. Tulisoma kwa sauti kama tunavyosoma kanisani. Nilikumbuka vile sura za mwanzo za Mambo ya Nyakati, zenye majina mfululizo, ambazo katika mafundisho yetu ya Jumatano tumezoea kuziruka. Siku ile hatukuruka hata moja. Jina la mpagazi wa Kiafrika hatukulikuta.

Wajerumani nao waliwazika wenzao. Lettow-Vorbeck aliandika katika kumbukumbu zake kuwa Wazungu wake walizikwa chini ya mbuyu, na kibao chenye majina yao kikawekwa. Kila upande ulijua kuhesabu watu wake. Lakini wapagazi?

Katika vita nzima ya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi kufikia milioni moja, na zaidi ya 95,000 walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Sababu moja ilikuwa posho. Watu waliozoea ulezi, mtama au ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni mbichi, na matumbo yao yakaharibika. Mtu anayehara damu, amebeba mzigo kichwani, analala matopeni bila blanketi. Muuguzi yeyote anajua mwisho wake. Mwaka 1917, wakati vita ilipohamia kusini kupitia Kilwa na Lindi, ndipo wapagazi walipochukuliwa kwa wingi zaidi, hata kutoka nchi zilizokuwa zimetekwa karibuni kama ya kwetu. Huenda "pwani" ya yule aliyerudi ilikuwa huko. Waliopitia Dar es Salaam wameacha jina lao sokoni: Kariakoo imetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi pale. Na sanamu ya askari iliyosimama katikati ya jiji tangu mwaka 1927 iliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi, wote kwa pamoja, bila jina la mtu.

Mwaka 2021 Tume ile ya makaburi ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya ubaguzi ya wakati ule yalichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Nilimweleza Mama Mkubwa habari hiyo tukiwa tumekaa kivulini. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama waziri huyo alitaja jina la mtu yeyote. Nikasema sidhani.

Katika wodi ya wazazi ninakofanya kazi, mtoto akizaliwa hata saa tisa za usiku, kabla hatujampima uzito tunamfunga mkononi plasta yenye jina la mama yake. Akifariki mtu, hata aliyeokotwa barabarani, tunaandika kitabuni chochote tunachokijua juu yake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Sikubali kwamba jeshi lililoweza kuhesabu risasi na magunia ya unga lilishindwa kuhesabu wabebaji wake. Lilihesabu vichwa kwa ajili ya posho, likaona inatosha.

Wale wawili wa Musoma walilia. Mwalimu akawauliza kama wanajua majina kamili ya babu zao waliopotea, na mmoja akakiri kwamba hajui, anajua jina la utani tu, kwani mama yake alifariki kabla hajamwuliza. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mzee, kamwulize wiki hii, ukaandike katika kurasa tupu za Biblia yako au kwenye daftari la shule, mradi iandikwe. Waliobaki na habari hizo ni wachache. Kule Butiama tuna kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, wageni wanalijia kutoka mbali, na mwaka 2024 tumemzika Jenerali David Musuguri, aliyeingia jeshi la Waingereza mwaka 1942 na kuishi zaidi ya miaka 100. Hao hawatasahauliwa.

Ilipofika saa sita jua likawa kali, nikasema twende, maana dawa ya Mama Mkubwa ilikuwa kwenye mkoba wa gesti. Akasema ningoje. Alisimama, akaliendea lile jiwe tulilolisoma, akaweka kiganja chake mahali pasipo na maandishi. Akataja jina la babu. Akataja la baba yake babu, na la baba yake yule, kama tunavyotaja kwetu mtu anapozikwa, hadi akafika mwisho wa anaowajua. Kisha akataja jina la bibi aliyengoja.

Jioni, tulipokuwa gesti, aliniomba wembe. Nilimnyoa nywele zote uani, akina mama wengine wakiimba polepole ili wasiwasumbue wageni wengine. Kisha nikampima presha. Ilikuwa mia na arobaini kwa themanini na tano, ambayo kwa umri wake, na baada ya safari ile, si mbaya.

Njiani kurudi alilala karibu muda wote. Tulipokaribia Bunda aliamka akaniuliza Kilwa na Lindi ni mbali kiasi gani kutoka Dar es Salaam.