Kurudi Kundini

Mtanzania akihamia mtaa mpya, swali moja humfikia mapema kutoka kwa majirani: "Unasali wapi?" Kijana aliyekulia Machame, Bukoba au Njombe, aliyebatizwa mchanga, akasoma kipaimara na kuimba kwaya, akifika Dar es Salaam hulijibu haraka kwa kutaja usharika wa kwao. Akiulizwa tena baada ya mwaka au miwili, jibu hubadilika: "Mimi ni Mlutheri, ila siku hizi nimepoa."

Wengi wa hawa hawakugombana na Mungu, wala hawakukaa chini wakapima mafundisho wakayakataa. Kule nyumbani imani yao ilibebwa na watu. Kulikuwa na bibi aliyewaamsha Jumapili, mwalimu wa kwaya aliyeulizia asiyeonekana mazoezini, na wenzao wa kipaimara waliopita njia ile ile kwenda kanisani. Mjini chumba ni cha kupanga, kazi ni ya zamu, na Jumapili ndiyo siku pekee ya kufua na kulala. Hakuna anayegundua kwamba hawakwenda. Ndiyo maana nasema mtu aliyepoa kwa kukosa watu hatarudishwa kwa mahubiri peke yake. Atarudishwa na watu.

Walutheri wa Tanzania walilifahamu jambo hili hata kabla makanisa saba hayajaungana mwaka 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi, aliona kwamba Mchaga anasimama juu ya mambo matatu: ukoo, ujirani na rika. Akajenga usharika juu ya hayo hayo, na vijana wa kipaimara akawaweka katika vikundi vidogo ambamo kila mmoja alimwangalia mwenzake. Wapo waliomlaumu kwa kuipenda mno jamii ya kale, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini kwa mgeni wa mjini, aliyepoteza ukoo, jirani na rika kwa safari moja ya basi, alichokiona Gutmann bado ni cha kweli.

Desturi ya kumpokea mgeni huanza kanisani. Katika matangazo ya Jumapili, jambo linalosomwa mapema ni wageni: nani amekuja na cheti kutoka usharika wake wa zamani, na nani amefika kwa mara ya kwanza bila cheti. Hawa huombwa wasimame, wapokewe kwa makofi. Ni ukarimu mzuri, lakini aliyepoa ndiye asiyesimama. Hana cheti, amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha huondoka wakati wengine wanazunguka mnada wa mayai na mikungu ya ndizi.

Huyo hupatikana kwenye jumuiya. Sharika nyingi za mjini huwa na ibada za nyumba kwa nyumba, mara nyingi Jumamosi alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu viatu vimejaa mlangoni, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, watoto wamekaa kwenye mkeka wakisinzia. Wimbo mmoja, somo, maelezo mafupi, kisha maombi kwa zamu: mgonjwa fulani, mtihani wa mtoto, aliyeachishwa kazi. Sadaka ikikusanywa, chai ya rangi inamiminwa. Katika ibada hiyo hata mwenye kanga begani na macho ya usingizi ana nafasi, na nyumba ikiwa ni ya mpangaji mwenzako, ni hatua chache tu kutoka mlangoni kwako.

Mzee wa kanisa mwenye busara hamfuati mgeni kwa maswali ya dhambi. Huenda na mwenzake, hupiga hodi jioni watu wakiwa wamerudi kazini, na mazungumzo huanza kwa salamu.

"Shikamoo mama," mwenyeji husalimu.

"Marahaba mwanangu. Bwana Yesu asifiwe! Tumesikia mtoto alikuwa na homa, tukasema tupite tumwone."

Huongea habari za mtoto, kodi ya nyumba, na kwao ni wapi. Wakiaga huomba wasali kidogo. Safari ya pili au ya tatu ndipo mwenyeji mwenyewe hufungua moyo, na mara nyingi linalomzuia hujulikana: anaishi na mwenzake bila ndoa kubarikiwa, au alizaa kabla ya ndoa, na kwa utaratibu wa kanisa hashiriki Meza ya Bwana. Miaka yote hiyo alidhani mlango umefungwa.

Mlango haujafungwa, na njia yake inajulikana: kurudi kundini. Mzee humpeleka kwa mchungaji, ambaye huzungumza naye faraghani, kisha anayerudi huhudhuria mafundisho, na wenye ndoa ya kubariki huandaliwa. Kisha siku inatangazwa, mara nyingi ikipangwa pamoja na ubatizo wa watoto wakati wa Pasaka au Krismasi. Wanasimama mbele ya usharika, wanaulizwa, wanajibu, wanaombewa. Vigelegele hulipuka kutoka upande wa akina mama, na kuanzia hapo wanakaribishwa Mezani.

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika hadi Bukoba uliongeza somo ambalo anayewaongoza wengine hapaswi kulisahau. Ndugu wa uamsho waliungama wao kwa wao, waziwazi, mkubwa na mdogo. Anayemwita mwenzake arudi aanze kwa kusema neema ilimkuta yeye akiwa wapi. Mgeni akisikia hivyo, hujua amekaa na mwenzake, wala si na hakimu.

Yapo mawili yanayoharibu kazi hii. La kwanza ni bahasha. Sadaka ni ibada, lakini mgeni anayepewa bahasha yenye namba kabla hajajua jina la jirani yake huona ameandikishwa kwenye michango. La pili ni vitisho vya mazishi. Wako wanaorudi kwa kuhofia kwamba wakifa hakuna mchungaji atakayefika kaburini. Hofu hiyo hujaza viti kwa muda, ila haimfundishi mtu kumpenda Kristo. Mchungaji wa mfano wa Luka 15 alimtafuta kondoo, akambeba mabegani. Hakumngoja malangoni mwa zizi amtishie.

Kwa hiyo kila jumuiya na ijiulize mwezi huu: ni nani amehamia mtaani kwetu, na ni nani ameshaingia kwake? Mchungaji mmoja mwenye waumini maelfu hawezi kujua. Mama wa jirani anajua, kwa kuwa alimwona akishusha godoro. Aanze yeye. Abishe hodi, amsikilize, amwalike Jumamosi, na asipokuja arudi tena wiki inayofuata bila kinyongo.