TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: Utunzaji wa Fito za Usukani na Nati za Magari ya Zamani

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye magari ya zamani, hususan Land Rover, wanakumbushwa kwamba fito za usukani, za breki ya mkono na za mafuta huhitaji kukaguliwa mara kwa mara. Injini ikizimika, gari husimama. Fito ya usukani ikichomoka, dereva hana tena amri juu ya gari lake.

Mwandishi wa taarifa hii alilishuhudia jambo hilo miaka mingi iliyopita alipokuwa safarini Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wakati huo Liparamba ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa. Tukiwa kwenye mteremko, fito ya usukani ya Land Rover iliyotuchukua ilichomoka, na gari likaishia kwenye kingo ya udongo. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakuna aliyeumia. Ilipotazamwa, nati ilikuwa ya gari la aina nyingine, nayo haikuwa na pini.

Sababu yake inafaa ieleweke. Land Rover zilipoanza kuuzwa mwaka 1948 zilifungwa kwa wingi bolti za kipimo cha Kiingereza, ambazo hesi zake, yaani mikato inayozunguka bolti, zina pembe ya nyuzi 55. Baadaye kikaingia kipimo cha Unified, chenye pembe ya nyuzi 60, kilichokubaliwa na Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948. Magari ya Kijapani hutumia kipimo cha milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, hivyo kwa macho hufanana na ya milimita 8. Lakini hesi zake hazilingani: katika inchi moja, ya Kiingereza ya hesi nyembamba ina mizunguko 22, ya Unified nyembamba ina 24, na ya milimita 8 ya kawaida ina takriban 20. Nati isiyo yake huweza kuingia kidogo kisha ikakwama. Ikilazimishwa kwa spana, hesi hulika, na mtikisiko wa barabara humalizia kazi.

Kwa hiyo inashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Nati iingizwe kwanza kwa vidole. Ikigoma, itafutwe iliyo yake, isilazimishwe.

2. Nati yenye kutu isafishwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta mepesi na iachwe hata usiku kucha. Fito na viungo vya usukani visichomwe moto wala kuungwa kwa kuchomelewa, kwani chuma hupoteza uimara wake.

3. Pini ya kuzuia nati iwe mpya kila inapofunguliwa. Tundu lisipolingana, nati ikazwe kidogo zaidi, isilegezwe.

4. Fito inayounganisha magurudumu ya mbele ina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili. Kabla ya kufungua, mizunguko ihesabiwe, na baada ya kufunga magurudumu yapimwe tena.

5. Mtu mmoja atikise usukani, magurudumu yakiwa chini, na mwenzake ashike kila kiungo. Kiungo kinachocheza kibadilishwe.

Hapa Visiwani adui mkubwa ni chumvi ya bahari. Liparamba ni vumbi la kiangazi na tope la masika. Kote huko, mpira wa kiungo uliopasuka huingiza uchafu na kufukuza grisi, hivyo ubadilishwe mapema.

Wenye magari wanaombwa wawape mafundi muda wa kutosha wa kutafuta nati na pini inayostahili. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na roho za abiria.