Vidonge Havinyooshi Kidole

Msikilizaji, wiki hii tuzungumzie mkono. Mkulima wa Ilembula, mkoani Njombe, anagundua kuwa kidole chake cha mwisho na jirani yake havilali sawasawa mezani. Haviumi. Na kwa kuwa haviumi, anachukua jembe anakwenda kupalilia alizeti. Miezi inapita, siku moja akinawa uso, maji yote yanavuja katikati ya vidole.

Mkono hukunjamana kwa sababu nyingi, kuanzia kuungua moto hadi kisukari. Leo nasema juu ya ukoma. Vijidudu vyake, alivyovigundua Hansen wa Norway mwaka 1873, hushambulia mishipa ya fahamu, hasa ule unaopita nyuma ya kiwiko, ambao ukijigonga unasikia kama umepigwa shoti. Ukiharibika, misuli midogo ya kiganja hulegea, na kano zenye nguvu za mkono huvuta vidole ndani.

Dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, hutolewa bure na humezwa kwa miezi 6 au 12. Zinaua vijidudu, na aliyezianza huacha upesi kuambukiza wenzake. (Kwa hiyo ewe abiria wa Makambako, huna sababu ya kuhama kiti.) Lakini kidole hazikinyooshi. Mshipa uliodhurika karibuni, chini ya miezi 6, daktari anaweza kuuokoa kwa prednisolone. Ukichelewa, matumaini hupungua.

Kazi iliyobaki ni ya mwenye mkono, kila siku ya Mungu. Auloweke dakika 20 hivi katika maji ya kawaida, si ya moto, maana ngozi yenye ganzi haijui kuungua. Apake mafuta ngozi ingali na unyevu. Hata ya kupikia yanafaa. Kisha aulaze mkono juu ya paja, avinyooshe vidole taratibu kwa mkono wa pili. Baridi ya Juni na Julai hupasua ngozi, basi miezi hiyo asiruke siku. Mpini wa jembe auzungushie kitambaa, na sufuria asiishike mikono mitupu.

Atauliza, hii yote ya nini ikiwa mshipa umekwisha kufa? Ni kwamba upo upasuaji wa kuhamisha kano, ambao daktari Paul Brand aliuendeleza kule Vellore, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kano nzima huhamishwa ifanye kazi ya misuli iliyolala, na mtu akashika tena kikombe. Ila kano hiyo haiwezi kukunjua kiungo kilichokwisha kuganda. Daktari wa upasuaji atakachouliza kwanza ni kama vidole bado vinanyooka vikisukumwa kwa mkono wa pili.